Mafuta ya Nazi Kwenye Chumba cha Upasuaji

Mkimwona fundi wa viyoyozi anafika kazini na chupa moja tu ya mafuta, mpeni chai, mshukuruni kwa kuja, kisha mrudisheni kwao. Hajui kazi. Au anaijua nusu, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ile nusu huwa inaongea sana.

Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, Tanga mjini na pwani yote ya huku, kuanzia Maramba kwenye vumbi hadi Ushongo kwenye chumvi. Sasa nimestaafu. Magoti yangu yalikataa ngazi, nami sikubishana nayo. Ninyi vijana wa chuo cha ufundi mnaokuja kunitembelea mnaniuliza swali lilelile: mzee, mafuta gani mazuri kwa kitu kilichokwama? Mnataka nitaje jina la kopo mkalinunue dukani, na naona mmeshashika simu tayari kuandika. Hilo kopo halipo. Lingekuwepo ningelinunua mimi kwanza, nikastaafu mapema.

Mimi nikifika kwenye kitu kilichokwama huuliza kwanza kama hapo mahali pana joto au pana baridi. Kisha naangalia mafuta yatagusa nini, maana yanayolainisha chuma yanaweza yakala mpira. Hoteli moja kule Ushongo niliyapulizia mapezi ya plastiki ya kiyoyozi dawa ya kulegeza kutu, yakalegea vizuri sana, na baada ya wiki mbili yakapasuka yote kumi na mawili. Mwenye hoteli aliniwekea vipande kwenye mfuko, akanikabidhi mkononi. Swali la tatu ndilo mnalolisahau wote: aliyekuja kabla yangu alitia nini? Hilo la tatu ndilo lililonifanya nikae kuandika haya.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kombo, Mpemba aliyehamia Tanga akiwa kijana na hakuacha kuwa Mpemba hata siku moja. Alikuwa mfupi, mkimya, na alikuwa na tabia ya kuchovya kidole kwenye mafuta, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada huku anaangalia dari, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Akimaliza anasema "haya" au anasema "toa". Nilifundishwa miaka sita kwa maneno hayo mawili, na mengi yalikuwa "toa".

Kazi yangu ya kwanza kuachiwa peke yangu ilikuwa Pangani, kwa mfanyabiashara wa mbata. Alikuwa na tanuri la kukaushia nazi zake, lenye feni ya kusukuma hewa ya moto na bamba la bati la kuifungulia na kuizuia hewa hiyo. Bamba la namna hiyo sisi tunaliita dampa, na lile lilikuwa limekwama. Nikalipaka grisi ya magari, tena kwa kiganja, maana nilikuwa na bidii. Dampa likafunguka. Adhuhuri ilipofika grisi yote ilikuwa imeyeyuka na kudondokea kwenye mbata. Mwenye mali akachukua kipande, akakitafuna muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama kuna lori limepita humo ndani.

Mzee Kombo alikuja na basi la alasiri. Hakunigombeza. Akafuta grisi yote, akatoa penseli ya seremala mfukoni, akaikwangua ile risasi yake kwa kisu mpaka ikawa unga, akaupaka unga kwenye mhimili wa dampa. Yule mfanyabiashara alipoiona penseli alidhani tunataka kumwandikia barua ya kuomba radhi. Lile dampa lilicheza miaka. Penye moto mkali msitie mafuta, yatageuka lami. Tieni unga wa risasi ya penseli, au ule wa kopo mkiupata, na mtakwenda nyumbani mapema.

Kosa la pili lilikuwa msikitini. Feni moja ya dari ilikuwa inalia, na inalia zaidi imamu akianza kuzungumza. Nikaitia oili chafu ya gari, kwa sababu ilikuwepo. Ijumaa yake feni ilizunguka kimya kabisa, na imamu akateremka kwenye mimbari na nukta tano nyeusi kwenye mabega ya kanzu nyeupe. Hakunisema. Ijumaa iliyofuata alitoa hotuba ndefu kuhusu usafi, na mara tatu akaangalia safu niliyokaa. Kitu kinachozunguka juu ya vichwa vya watu kinataka mafuta machache na safi, kisha ufute yaliyozidi, kisha ufute tena.

Hayo yalikuwa makosa ya mtu anayejifunza, na hayakuumiza zaidi ya mbata na kanzu. Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Nililifanya nikiwa fundi kamili, nina zaidi ya miaka ishirini kazini, naitwa "fundi" hata na watu wasionijua jina.

Kulikuwa na hospitali moja ya watu binafsi, sitaitaja, ambayo mashine yao ya hewa baridi nilikuwa naihudumia mimi. Ilikuwa mashine moja kubwa, na kutoka kwake mifereji ya bati ilipita juu ya dari ikigawa hewa kwenye chumba cha upasuaji na vyumba vya wagonjwa vya jirani. Kila tawi lilikuwa na dampa lake, na kila dampa lilikuwa na mota ndogo ya kulizungusha, mota isiyo na nguvu ya kugombana na mtu. Jioni chumba cha upasuaji kikifungwa, dampa lake hujifunga. Asubuhi hujifungua. Mashine yenyewe haizimwi, maana wagonjwa wa vyumba vingine bado wanataka hewa.

Lile dampa lilianza kukwaruza. Chumvi, kama kawaida; pwani yetu hii kila chuma kina nia ya kurudi udongoni. Ningetumia spreyi ya kulegeza kutu, nifute, nimalizie na mafuta mepesi. Lakini Sista mkuu wa chumba cha upasuaji hakuipenda harufu ya spreyi. Alisema mara ya mwisho alishinda siku mbili akijihisi yuko gereji. Nikamwambia aniachie mimi.

Mafuta ya nazi nilikuwa na imani nayo. Nilikuwa nimeyatia kwenye bawaba za mageti, vitasa, baiskeli, hata cherehani ya mke wangu, na hayakuniangusha. Shemeji yangu wa Pangani anayakamua mwenyewe, masafi, hayana harufu mbaya. Jumapili nikapanda ngazi na chupa yake. Mashine ilikuwa imezimwa ili nisafishe vichujio, na kule darini palikuwa na joto la kutoa jasho. Sikutia matone, nilimimina. Dampa likacheza kama bawaba mpya. Sista akanusa, akasema leo chumba kinanukia kama cha bi harusi, akawaita wauguzi wawili nao waje wanuse. Niliondoka pale kichwa kimevimba.

Hapa ndipo mtu wa pwani anapojikwaa. Kwetu mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima. Tunayaona chupani yanatiririka, tunadhani ndiyo umbo lake. Lakini kila mmoja wetu aliyelelewa huku anajua kwamba mwezi wa saba, asubuhi za kipupwe, chupa huamka nyeupe, imeganda, na mama anaitoa barazani ipate jua kabla hajakupaka kichwani. Mimi mwenyewe nilitumwa mara ngapi kuianika ile chupa. Nilijua, na sikukumbuka. Hewa inayotoka kwenye ile mashine ni baridi kuliko kipupwe chochote cha Tanga.

Jumapili jioni chumba kilifungwa, dampa likajifunga. Usiku kucha baridi ikasimama nyuma yake.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nikapigiwa simu kwamba hewa haiingii kwenye chumba cha upasuaji na kuna mgonjwa wa dharura anasubiri. Nilifika baada ya dakika kumi. Kwenye ukumbi, nje ya mlango wa chumba hicho, kulikuwa na kitanda cha magurudumu, na aliyelala juu yake amejikunja alikuwa Mzee Kombo.

Alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Kila mtu alimwambia akaikatishe, naye kila mara alijibu kwamba haijamwomba. Alfajiri ile utumbo ulikuwa umeteremka ukabanwa, ukakataa kurudi. Juma, mwanawe mkubwa, alikuwa amesimama miguuni pake, ameishika ile miguu kwa mikono miwili. Daktari alinieleza haraka. Chumba cha pili cha upasuaji kilikuwa kinapakwa rangi. Gari la wagonjwa la kumhamishia hospitali nyingine lilikuwa ng'ambo ya mto Pangani linasubiri kivuko. Utumbo uliobanwa hukosa damu, na ukikosa damu hufa. Hakutaka kufungua tumbo la mzee kwenye chumba kisicho na hewa safi, chenye joto kama tanuri, lakini akasema ananipa saa moja. Ikipita, atafungua hivyohivyo, liwe liwalo.

Nikapanda. Nikafungua kifuniko cha mfereji, nikamulika. Mhimili wa dampa ulikuwa mweupe. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye bawaba zote, yamejaa kila nafasi, kama sufuria ya mchuzi wa jana. Mota ilikuwa inanguruma kidogo na kukata tamaa, inanguruma na kukata tamaa.

Nikateremka kuchukua vifaa. Mzee Kombo akaniona. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa meno yaliyoumana. Hata katika hali ile akaniuliza swali lake.

"Yakhe, umetia n'ni humo?"

Sista alikuwa amesimama pembeni yangu. Juma alikuwa ananitazama. Daktari alikuwa anatazama saa. Nikasema, "Spreyi, mwalimu. Ile ya kutu."

Akafumba macho, akafikiri. Akasema basi kutu imeingia ndani ya bushi, kile kijibomba kinachoushika mhimili; ninyunyize tena, nigonge taratibu kwa mpini, nisubiri, nirudie, na nisitumie nguvu nisije nikaukata mhimili. Alikuwa amenipa dawa sahihi ya ugonjwa nilioutaja.

Nikapanda nikafanya alivyosema. Nilijua sivyo. Nilijua pia kilichotakiwa: kuzima mashine na kuyapasha moto yale mafuta yayeyuke. Lakini kuzima mashine ni lazima nimweleze Sista, na maji ya moto hayaombwi kwa ajili ya kutu. Kuomba maji ya moto kulikuwa ni kukiri. Nikajiambia spreyi itayakata yale mafuta yenyewe, polepole, bila mtu kujua. Nikanyunyiza, nikagonga. Baridi ilikuwa inanipiga mikononi, na kila nilipolainisha kidogo iligandisha tena. Chini nilikuwa namsikia mzee anaguna. Hakuwa mtu wa kuguna.

Nilipoteremka kwa mara ya pili zilikuwa zimepita dakika arobaini. Najua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, juu ya kichwa cha Juma. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani mwangu, na hofu juu yake. Nikainama sikioni kwa mwalimu wangu, nikamwambia ni mafuta ya nazi.

Akafumbua macho, akaniangalia, na nikadhani ataniambia neno lake la "toa". Akasema hivi, kwa vipande, akivuta pumzi katikati:

"Zima mashine. Maji ya moto, vitambaa. Yakilainika futa yote, yasibaki. Halafu spiriti ya hospitali. Halafu kamwombe mshona mashuka mafuta yake ya cherehani. Matone mawili, yakhe. Mawili." Kisha akasema, "Na huyu Sista mwambie mwenyewe."

Nikamwambia Sista. Aligeuka akaenda kuleta maji ya moto, na akayaleta yeye, hakumtuma muuguzi. Nikazima mashine, nikazungushia vitambaa vya moto kwenye mhimili. Baada ya dakika chache mafuta yalianza kuteremka kwenye vidole vyangu, maji kabisa, yananukia vizuri. Nikafuta, nikaosha kwa spiriti, nikafuta tena. Mama aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali alinipa kichupa chake na kuniambia nisikimalize. Nikatia matone mawili, moja kila upande. Mashine ikawashwa, mota ikanguruma, dampa likafunguka lote. Kazi yote ilichukua dakika kumi na tisa.

Mafuta ya cherehani, vijana, ni mepesi, hayanuki, na baridi ya kiyoyozi haiyagandishi. Kwa mhimili mdogo sehemu ya baridi ni mazuri, ila yanakauka haraka, kwa hiyo rudini kabla ya miezi mitatu. Mimi baadaye nilirudi nikapaka grisi nyeupe ya kwenye mashine za vyakula, kiasi cha punje ya mchele. Hayo andikeni.

Mzee Kombo alipasuliwa, akapona. Siku ya tatu alikuwa amekaa kitandani anamweleza kila mgeni kwamba mwanafunzi wake ameipikia hospitali wali wa nazi, isipokuwa mchele alisahau. Wagonjwa wa wodi nzima walicheka, na waliokatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi walicheka wameshika matumbo. Habari ikafika sokoni, ikafika Pangani, na kwa miaka mingi nikaitwa Fundi Nazi. Niliitikia. Ninyi pia mmeisikia, najua, maana mkija hapa mnaniita pembeni na kuniuliza kwa adabu kama ni kweli. Ni kweli. Ila mnavyoisikia ninyi, fundi alitia mafuta ya nazi, yakaganda, mwalimu akamwelekeza kutoka kitandani, dampa likafunguka. Hakuna mtu anayesimulia zile dakika arobaini.

Mchana ule, baada ya upasuaji, daktari alinikuta ukumbini nakusanya vitambaa. Hakuwa na nia ya kunilaumu, alikuwa amechoka tu na anataka kuzungumza na mtu. Akaniambia amelazimika kukata kipande cha utumbo, akanionyesha kwa mkono wake, kiasi cha shubiri moja. Kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Akasema wangewahi nusu saa, huenda kingerudi rangi yake, angekirudisha ndani na kushona. Akasema hayo ndiyo maisha, akaenda kunawa.

Nusu saa. Mimi nilikuwa na arobaini.

Mzee Kombo aliishi miaka saba baada ya hapo, na hakula tena mlo mzima. Alikuwa mtu wa kula. Nilikuwa namtembelea Ijumaa baada ya sala, tunaletewa sinia, naye anachukua matonge matatu, manne, anasogea nyuma na kusema utumbo wake umekuwa mfupi kama yeye mwenyewe. Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka nao. Alijua kwamba nilimdanganya, maana alisikia "spreyi" kwa sikio lake na "nazi" kwa sikio lilelile. Hakujua bei yake, kwa sababu daktari alinieleza mimi peke yangu, na mimi sikumweleza yeye. Kila Ijumaa nilikwenda nimeazimia, na kila Ijumaa sinia ililetwa.

Alifariki kwa homa ya mapafu, haihusiani na haya. Nilimwosha pamoja na Juma. Kovu lilikuwa pale chini ya kitovu, na Juma akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba bila mimi siku ile baba asingefika ndani ya chumba. Nikaendelea kumimina maji.

Kwa hiyo mkiniuliza mafuta gani, nitawajibu kama nilivyojibu hapo juu: angalieni joto, angalieni baridi, angalieni yatagusa nini. Na mkishatia, chukueni kipande cha plasta, andikeni juu yake mlichotia na jina lenu, mbandike hapohapo kwenye bati, mtu yeyote akione. Mimi nimebandika kila mahali tangu Jumatatu ile.

Juma huwa ananisubiri nje ya msikiti kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananiambia "Shikamoo, fundi wa baba," nami namwitikia. Ijumaa hii nitampa karatasi hizi, akae azisome mpaka mwisho. Akimaliza, kama bado ataniamkia, nitaitikia.